Mkataba umekwama Geneva, biashara iko Namanga

Agosti 15, 2025, mazungumzo ya Geneva kuhusu mkataba wa dunia wa kudhibiti plastiki yalivunjika bila makubaliano. Safari hiyo ilianzia hapa hapa Afrika Mashariki. Azimio la kuuandika mkataba lilipitishwa Nairobi Machi 2022, kikao kingine kikafanyika Nairobi Novemba 2023, kingine Busan mwishoni mwa 2024, na kila kikao kilisogeza mbele mambo magumu. Tangu Geneva iliposhindwa nimekuwa nikisikia hitimisho moja likirudiwa kwenye vikao vya wafanyabiashara wa kwetu: kwamba habari ya uchumi wa mzunguko, yaani kutumia tena na kurejeleza vitu badala ya kuvitupa, imekwisha, kwamba ilikuwa ajenda ya wafadhili tangu mwanzo, na kwamba aliyekopa kununua mashine ya kusaga chupa aanze kumtafuta mnunuzi wa mashine hiyo.

Hitimisho hilo si sahihi, na linawaumiza watu wasio na akiba ya kupoteza. Kanuni zinazomgusa mjasiriamali wa Vingunguti ya Dar es Salaam, Gikomba ya Nairobi au Katwe ya Kampala hazikuwa zikiisubiri Geneva. Tatu kati ya hizo tayari zinatumika: marekebisho ya Mkataba wa Basel kuhusu plastiki, yaliyoanza Januari 1, 2021, kanuni za Kenya za wajibu wa mzalishaji, za Novemba 2024, na marekebisho mengine ya Basel kuhusu taka za umeme, yaliyoanza Januari 1, 2025. Ukizisoma pamoja utaona kwamba fedha ya mjasiriamali mdogo na wa kati imo katika kazi mbili zinazotangulia kiwanda, yaani kuchambua na kukarabati, na kwamba kazi hizo zitalipa vizuri pale tu tutakapoliona soko kuwa la Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima badala ya kila nchi na dampo lake.

Nianze na historia, kwa sababu ubishi mwingi unatokana na jina. Uchumi wa mzunguko ni jina jipya la tabia ambayo watu wetu wameishi nayo muda mrefu. Matairi yaliyoisha hukatwa yakawa viatu, Kenya huitwa akala na Tanzania katambuga. Makopo ya maziwa yakawa vibatari. Vyuma na alumini chakavu husubiwa vikawa masufuria na majiko. Mwanza, sangara akishatolewa minofu inayopelekwa Ulaya, mifupa yake, yaani mapanki, huuzwa kwa watu wa kipato cha chini na kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo, huku bondo lake likisafirishwa hadi Asia kwa bei inayoiacha mbali bei ya minofu. Kisumu ngozi ya samaki huyo huyo hutengenezewa viatu na mikoba. Kwa hiyo anayesema wazo hili ni la kigeni ana nusu ya ukweli: jina limetoka nje, kazi imekuwapo.

Kilichobadilika ni wingi na aina ya vitu tunavyotupa. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilizalisha tani milioni 174 za taka mwaka 2016, na kwamba kufikia 2050 zitakuwa tani milioni 516. Hakuna eneo jingine la dunia linaloongeza taka kwa kasi hiyo, na madampo yetu hayakujengwa kwa hesabu hizo. Dampo la Dandora, Nairobi, lilifunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori bado yanaingia. Kiteezi, dampo la jiji la Kampala, mlima wa taka uliporomoka Agosti 10, 2024, ukawafunika watu waliokuwa majumbani mwao na kuua zaidi ya 30. Baada ya Kiteezi sioni kwa nini mtu yeyote aendelee kuuita mjadala huu wa kifahari.

Sasa turudi kwenye kanuni. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unasimamia usafirishaji wa taka hatari kuvuka mipaka, na kwa muda mrefu plastiki ya kawaida haikuwa shida yake. Marekebisho ya 2021 yaliigawa plastiki mafungu. Plastiki iliyochanganyika au chafu haiwezi kuvuka mpaka kabla nchi inayopokea, na zile ambako mzigo unapita, hazijatoa idhini ya maandishi. Plastiki ya aina moja, iliyochambuliwa vizuri, ambayo karibu haina uchafu na inakwenda kurejelezwa, husafiri kama bidhaa nyingine. PVC, ile plastiki ya mabomba, haikuingizwa kwenye fungu hilo la nafuu. Chukua malori mawili yanayotoka Mwanza kwenda Kampala kupitia Mutukula, yote yamebeba chupa za maji zilizookotwa katika mitaa ile ile. Kwenye la kwanza vizibo na lebo vimeondolewa, chupa zimeoshwa, zimesagwa zikawa chenga na kufungwa kwenye magunia. Kwenye la pili zimetupiwa tu zikiwa na mchanga, mabaki ya soda na mifuko iliyojibanza katikati. La kwanza limebeba biashara, la pili limebeba barua ya wizara inayosubiri barua nyingine. Kilichozitofautisha chupa hizo ni mikono ya watu waliokaa chini wakazipanga.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa nusu siku kwenye yadi moja ya chupa Dar es Salaam nikimtazama mama mmoja akifanya kazi hiyo. Alimimina vipande vilivyosagwa kwenye pipa la maji, akakoroga, akasubiri kidogo. Vizibo vikaelea, chupa zikazama. Alijua kwa uzoefu kile ambacho kitabu cha kemia kingemwambia: plastiki ya vizibo ni nyepesi kuliko maji, ya chupa ni nzito. Aliteka vya juu kwa chujio, akaanika vya chini juani, na tajiri aliyekuja jioni akamlipa kwa kila fungu bei ya juu kuliko ile aliyokuwa akilipa mchanganyiko. Nimeikumbuka siku ile kila ninaposikia kwamba tunakosa teknolojia. Mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walijenga jahazi zima la Flipflopi kwa tani 10 hivi za plastiki iliyotupwa, wakalisafirisha hadi Zanzibar mwaka 2019. Ufundi tunao. Kinachotupungukia ni malighafi safi, ya aina moja, inayofika kila wiki bila kukatika.

Hapo ndipo wawekezaji wengi wanapokosea. Anayeanza na kiwanda huanza na mkopo mkubwa, umeme wa gharama na mashine inayodai tani kadhaa kila siku, kisha hugundua kwamba mzigo unaoletwa umejaa mchanga. Mashine husimama, deni halisimami. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kulishwa na mji mmoja wa kati. Bujumbura, Kigoma, Unguja au Bukavu hauwezi kila mmoja kuwa na kiwanda chake, lakini kila mmoja unaweza kuwa na yadi ya kuchambua, kusaga, kuosha na kufunga marobota, na yadi 10 za miji 10 zinaweza kukilisha kiwanda kimoja mwaka mzima. Sheria ya kuliwezesha jambo hili kibiashara nayo ipo. Kanuni za uasili wa bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinahesabu vitu vilivyokwisha matumizi, vilivyokusanywa ndani ya nchi mwanachama na ambavyo vinafaa tu kutolewa malighafi, kuwa bidhaa za nchi hiyo. Hivyo chenga za chupa zilizookotwa Burundi zina haki ya kuingia Tanzania bila ushuru wa forodha, sawa na kahawa iliyovunwa Ngozi, huko huko Burundi. Kipengele hiki hakitajwi kwenye makongamano, nami nadhani kina thamani kuliko nusu ya miradi inayozinduliwa humo.

Wanaokumbuka mwaka 2018 watauliza: mbona tulishawahi kuuza marobota ya chupa nje, na soko likafungwa? Ni kweli. China ilipozuia kuingiza taka za plastiki mwanzoni mwa mwaka ule, waliokuwa wamejenga biashara yao yote juu ya mnunuzi mmoja wa mbali walibaki na mizigo uani. Kwangu tukio lile linaonyesha hatari ya kumtegemea mnunuzi anayeweza kubadili sera usiku mmoja bila hata kujua kwamba upo. Mnunuzi wa Thika, Jinja au Mkuranga naye anaweza kushusha bei, lakini unaweza kupanda basi ukamfuata.

Kanuni ya pili ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Kenya ilipochapisha kanuni za wajibu wa mzalishaji Novemba 2024, wengi waliziona kuwa tozo ya mazingira iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Hofu yao ina sababu. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na tozo ya mazingira, na muswada huo uliondolewa mwezi Juni baada ya vijana kuandamana na wengine kupoteza maisha. Lakini hivi ni vitu viwili tofauti. Tozo huingia hazina, na kutoka huko hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba itarudi dampo. Wajibu wa mzalishaji unamtaka anayetengeneza au kuingiza bidhaa, tuseme soda, sabuni, nepi au simu, agharimie ukusanyaji na urejelezaji wa vitu vyake vikishatumika, yeye mwenyewe au kupitia chombo cha pamoja cha wazalishaji. Fedha hiyo inatafuta mtu wa kuilipa. Na mzalishaji anayelazimika kuthibitisha kwamba kiasi fulani cha vifungashio vyake kimekusanywa atahitaji ushahidi: kimepimwa wapi, kilo ngapi, siku gani, kikaenda kwa nani. Yadi yenye mizani iliyopimwa na wakala wa vipimo na daftari linaloeleweka itauza mali mara mbili, kwanza malighafi yenyewe kwa kiwanda, kisha uthibitisho kwa mzalishaji. Yadi isiyo na daftari itauza mara moja, kwa bei ya kubembeleza.

Wapo wanaosema gharama hiyo atabebeshwa mlaji, na hoja yao ina uzito. Mfanyabiashara hujaribu kumsogezea mnunuzi kila gharama anayoweza, na senti chache kwenye sabuni ni kitu kwa mama anayenunua kipande. Ila tujiulize ni nani anayelipa sasa. Wanalipa wakazi wa Dandora kwa vifua vyao, halmashauri kwa mafuta ya malori, wavuvi wa Ziwa Victoria kwa nyavu zinazovua mifuko, na waliozikwa Kiteezi wamelipa bei isiyo na kipimo. Gharama imekuwapo siku zote, na waliokuwa wakiibeba hawakuwa wateja wa kampuni yoyote. Ninachokiona kuwa kasoro halisi ya kanuni za Kenya ni mpaka. Kinywaji kilichotengenezwa Nairobi hunywewa Arusha, sabuni ya Dar es Salaam huuzwa Lubumbashi, na wajibu unaoishia Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, huiacha chupa bila mwenyewe upande wa pili. Tumeyaona haya kwenye mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, ilhali kaveera, kama mifuko hiyo inavyoitwa Uganda, iliendelea kutengenezwa na kuvushwa kwa njia za panya. Muswada wa pamoja wa mifuko ulifika Bunge la Afrika Mashariki zaidi ya miaka 10 iliyopita, na hadi leo hatuna sheria moja.

Kwa upande wa umeme, mlango wa taka umebanwa zaidi. Tangu Januari 1, 2025, taka zote za vifaa vya umeme, ziwe hatari au zisiwe, haziwezi kuvuka mpaka bila idhini ile ya maandishi. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Baadhi yetu tulisoma habari hiyo tukaona adhabu kwa nchi zenye viwanda vichache, maana kituo cha kuchambua taka za umeme cha Bugesera, Rwanda, hakiwezi kupokea mzigo wa Bukavu au Ngara kirahisi hata kikiwa na nafasi. Malalamiko hayo ni ya haki na nitayarudia. Lakini soma kanuni kwa jicho la fundi. Simu iliyopona si taka. Kompyuta iliyobadilishwa kioo na betri, ikapimwa ikawaka, ni bidhaa iliyotumika, na bidhaa iliyotumika ina njia yake forodhani. Kadiri sheria inavyoufanya uchakavu kuwa mgumu kusafiri, ndivyo thamani ya anayezuia kitu kisichakae inavyopanda.

Nchi zetu zina jeshi la watu hao. Fundi simu wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi, anabadilisha kioo huku mteja amesimama, anatoa spea kwenye simu mbili zilizokufa akafufua ya tatu, na anajua kwa sauti ya spika tatizo liko wapi. Anachokosa ni vitu vitatu ambavyo mjasiriamali anaweza kumuuzia: spea zenye uhakika, kipimo kinachotambulika, na dhamana. Mteja wa Kigali hawezi kununua simu iliyofufuliwa Dar es Salaam kama hajui itadumu wiki au mwaka. Atakayekusanya mafundi 20 chini ya paa moja, akawapa vifaa vya kupimia, akaweka alama ya ubora na dhamana ya miezi sita anayoiheshimu kweli, atakuwa amejenga kampuni ya Jumuiya bila kuyeyusha gramu moja ya dhahabu. Vivyo hivyo kwa betri za sola na za pikipiki za umeme. Pakiti inayotupwa kwa kuwa imechoka mara nyingi ina seli chache zilizokufa na nyingine nyingi zenye uhai, zinazoweza kupimwa moja moja na kupangwa upya kuendesha taa za duka. Kazi hiyo inataka umakini, maana betri ya lithiamu iliyofungwa ovyo huwaka moto. Ni kazi ya mtu aliyefundishwa, na mafunzo hayo pia ni biashara.

Nafasi kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haina plastiki wala nyaya ndani yake. Zaidi ya asilimia 40 ya taka za nchi zetu ni mabaki ya chakula na majani, na huko mashambani kiasi ni kikubwa zaidi. Kwenye mkonge, nyuzi ni asilimia 4 hivi tu ya jani, na kilichobaki kwa miongo mingi kilitupwa, ingawa Hale mkoani Tanga ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme. Biashara ya kikanda ya mabaki haihitaji kubuniwa, ipo na inaendelea. Mashudu ya alizeti yanayobaki baada ya kukamua mafuta Singida na Dodoma hupandishwa malori kwenda kwenye viwanda vya chakula cha mifugo vya Kenya. Hakuna anayeyaita taka, wala hakuna kongamano linaloyaita uchumi wa mzunguko, lakini ndiyo mfano kamili: mabaki ya nchi moja ni malighafi ya nchi nyingine, yana bei, yana wanunuzi na yana cheti cha uasili. Funza wanaofugwa kwa mabaki ya sokoni wanafuata njia hiyo hiyo. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, Nairobi, wamewafanyia kazi miaka mingi, Kenya imeweka viwango vya kuwatumia kwenye chakula cha mifugo, na mfugaji wa kuku anayelalamikia bei ya soya na dagaa ana sababu ya kuwasikiliza. Dagaa anayesalia kwenye sahani ya mtu badala ya kwenye gunia la chakula cha kuku nayo ni faida, hata kama haionekani kwenye vitabu vya mjasiriamali. Na kinyesi cha funza ni mbolea, jambo ambalo mkulima aliyenunua mbolea ya viwandani mwaka 2022 kwa bei zile hahitaji kulielezwa mara mbili.

Nije kwenye pingamizi. Nitaanza na lile ninaloliona zito, kwa sababu sina jibu kamili nalo. Kazi ya kuokota imeshikiliwa na watu ambao hawana leseni, hawana bima, na mara nyingi huitwa majina ya kudhalilisha. Mfumo rasmi ukija na fedha za wazalishaji, mwenye kampuni yenye malori atapata mkataba wa manispaa, atazungushia dampo uzio, na mama aliyekuwa akiishi kwa chupa atajikuta nje. Limeshatokea kwenye biashara nyingine. Januari 2022, Kenya ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu baada ya nyaya na nguzo za umeme kuhujumiwa, na ilipofunguliwa tena miezi michache baadaye ilikuja na leseni na masharti ambayo mwenye mkokoteni hakuweza kuyatimiza kwa siku moja. Uhujumu ulikuwa wa kweli na serikali ilikuwa na wajibu wa kuuzuia, lakini wasio na hatia walikaa na njaa wakisubiri. Ninachoweza kusema ni kwamba hoja hii inaonyesha namna ya kuingia kwenye biashara: vyama vya ushirika vya wakusanyaji viwe na mizani yao na daftari lao kabla kampuni kubwa haijafika, kwa sababu baada ya hapo watakuwa vibarua wa bei wasiyoipanga.

Pingamizi la pili ni kwamba tutageuzwa dampo la matajiri kwa jina zuri. Nalo lina ushahidi. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya walikubaliana kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua kufikia 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu za biashara za AGOA, sheria yake inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Wengine wakalegea, Rwanda ikabaki na ushuru wake uliopanda kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Sikumbuki tukio hili ili kuwalaumu wauza mitumba, ambao wanawalisha watoto wao. Wao ndio waliotuonyesha kwamba faida ipo kwenye uchambuzi: robota likifunguliwa Gikomba, aliyeweza kuchagua kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, mapema ndiye anayeondoka na fedha. Nalikumbuka kwa sababu linaonyesha bei ya kusimama mmoja mmoja. Nchi moja ilisimama, ikaadhibiwa peke yake.

Na kuna sumu. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilirejeleza madini ya risasi katikati ya makazi ya watu. Watoto waliugua, watu walikufa, Phyllis Omido akaongoza mapambano ya miaka mingi, na mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, hukumu iliyozidi kupiganiwa hadi Mahakama ya Juu. Betri zile zilirejelezwa kweli. Mzunguko ulikamilika kwenye karatasi, na risasi ikakamilisha mzunguko wake kwenye damu za watoto. Anayekuambia kila urejelezaji ni wema hajafika Owino Uhuru. Ndiyo maana nasisitiza kuchambua na kukarabati: hatari yake ni ndogo, mtaji wake ni mdogo, na vinavyohitaji tanuru na tindikali viachiwe viwanda vichache, vyenye ukaguzi, mbali na nyumba za watu.

Hoja dhaifu ni ile inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, kwamba hakuna soko, na kwamba kama kungekuwa na fedha wakubwa wangeshaichukua. Inasahau kwamba wakubwa wameshaichukua pale ambapo uchambuzi umeshafanywa. Shaba haisubiri mnunuzi saa mbili. Mabondo yanafuatwa ufukweni kabla mtumbwi haujafungwa. Mashudu yanalipiwa yakiwa bado ya moto kutoka kwenye mashine. Katika kila mfano huo kitu kimeshatenganishwa, kina jina, kina kipimo, na mnunuzi anajua anapata nini. Pasipo na soko ni pale penye gunia la mchanganyiko ambalo hakuna anayejua ndani yake mna nini, na hapo mtu yeyote mwenye akili angelikwepa.

Kutokana na hayo naona kazi mbili za Jumuiya, na hakuna hata moja inayosubiri Geneva. Mkataba wa Basel wenyewe, katika ibara ya 11, unaziruhusu nchi kufanya makubaliano ya kikanda ya kuhamisha taka ili mradi zisilegeze ulinzi wa mazingira. Nchi nane za Jumuiya zinaweza kukubaliana kwamba betri na bodi za simu zilizokusanywa Goma zinaweza kufika Bugesera kwa fomu moja, zikifuatiliwa kwa uzito kutoka mlango hadi mlango, badala ya kuishia mtoni kwa sababu karatasi haikujibiwa. Kazi ya pili ni ndogo zaidi na ingeweza kufanyika mwaka huu: kuingiza chenga safi za plastiki, kwa aina zake na kiwango cha uchafu kinachovumilika, kwenye orodha ya bidhaa za utaratibu rahisi wa forodha, ule unaomruhusu mfanyabiashara mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 apewe cheti cha uasili pale pale mpakani.

Namanga ina kituo cha pamoja cha forodha tangu 2018. Malori ya mashudu yanapita pale, maofisa wa pande mbili wanakaa jengo moja, na mzigo wenye karatasi zake haukai siku tatu tena kama zamani. Mwenye yadi Arusha aliyechambua vizuri, akaosha, akapima na kuandika kwenye daftari lake, ana haki ya kusimama kwenye dirisha lile lile na kuomba cheti kile kile. Namshauri aende na gunia la mfano, na nakala ya kanuni za uasili mkononi, kwa sababu huenda atakuwa wa kwanza kuulizia.